Nusu Pampu

Chuma kinene kina tabia moja ya kibinadamu. Ukikiinamisha kinakubali, unakiona kabisa kimekubali, lakini ukikiachia kinarudi nyuma kidogo. Ndiyo maana fundi anayetaka kona ya mraba haishii kwenye mraba. Anapitiliza kidogo, kisha anakiachia kirudi kikae pale alipopataka. Kupitiliza kwa kiasi gani, hapo ndipo mafundi wanapoachana. Ukipunguza, kona inabaki wazi. Ukizidisha umekwisha, maana pleti nene ukiigonga nyundo kuirudisha inachanika nyufa mgongoni, na kazi nzima inakwenda kuuzwa kwa kilo.

Katika karakana moja ya ushirika jambo hilo lilikuwa na mtu wake, na mtu huyo wenzake walimwita Rula. Karakana yenyewe ilikuwa banda refu la mabati, kila fundi na meza yake na kufuli lake, ila mashine kubwa zilikuwa za wote. Katikati ya banda ilisimama presi ya kukunjia: fremu ya chuma iliyowahi kuwa ya kijani, chini kitanda chenye mfereji wa umbo la V, juu yake kisu butu kirefu, na ubavuni jeki ya mafuta yenye mpini wa kupampu. Mabati na vyuma vyembamba mtu alijikunjia mwenyewe. Pleti nene ilikuwa na sharti lake: watu wawili. Mmoja anachuchumaa mwisho wa pleti na kigezo mkononi, yaani kipande cha bati kilichokatwa kwa pembe inayotakiwa pamoja na ile ziada ya kurudi, anatazama mwanga unaopenya kati ya kigezo na chuma. Mwingine anapampu, na anapampu akiwa amegeukia ukuta. Hilo la ukuta waliliweka waanzilishi wa ushirika, walipochoka kusikia watu wawili wakibishana juu ya kona moja. Mwenye jicho akisema "basi", mwenye mpini anaacha. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, lakini viwili navyo vikigombana chawa anajiendea zake.

Rula ndiye aliyekuwa mwenye jicho. Mwenye mpini wake, kwa miaka mingi, alikuwa shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe. Huyu walimwita Polepole, jina alilobandikwa na Rula mwenyewe na likamganda. Sababu ilikuwa moja. Kila Rula aliposema basi, mpini ulishuka tena kidogo, kama nusu pampu hivi, ndipo ukatulia.

"Basi ni basi, shemeji," Rula alikuwa akimwambia. "Au kwenu basi ina mkia?"

"Mkono umechelewa, shemeji."

"Huo mkono ulianza kuchelewa tangu tumboni."

Banda zima lilicheka, na Polepole mwenyewe akicheka, maana mashemeji wasipotaniana watu huanza kuulizana kuna nini. Kisha Rula aliweka skwea, kile chuma cha kupimia mraba, kwenye kona, na skwea ikakaa kimya, hata wembe haupiti. Wateja walisifu jicho la Rula. Rula hakukataa sifa, nani anakataa?

Hayo yalikuwa ya zamani. Siku tunazozisimulia Rula alikuwa peke yake, na upweke wake tuuseme wazi, hakuna haja ya kuuzungukazunguka. Mkewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa uliomla taratibu. Hawakujaliwa watoto. Katika dunia nzima aliyebaki wa kumwita wangu alikuwa shemeji, na shemeji naye alikuwa ameondoka karakana kwa ulimi wa Rula mwenyewe. Alichokitaka Rula, kuliko kazi na kuliko sifa, ni shemeji arudi. Na hakujua afanyeje.

Ilitokea hivi. Baada ya msiba Rula alirudi kazini sauti imemkauka kwa kulia, anaongea kama mtu anayenong'ona ndani ya ndoo. Wakakunja pleti. Rula akasema basi, na mpini ukashuka, safari hiyo si nusu pampu, pampu nzima. Kona ikapitiliza. Rula akaweka skwea, akaiona pleti imeshakufa. Akasimama, akasema mbele ya banda zima kwa sauti ile ile mbovu, ambayo kwa bahati mbaya siku hiyo kila mtu aliisikia:

"Nilikuweka hapa kwa ajili ya dada yako. Na dada yako hayupo tena."

Polepole aliulaza mpini mahali pake, akafuta mikono, akachukua kofia yake msumarini pale ukutani, akaondoka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi: msemo huo Rula alikuwa hodari wa kuwasomea wengine.

Alidhani kesho yake atamwona. Hakumwona. Baadaye akasikia kwamba Polepole anatengeneza baiskeli kwenye baraza ya chumba chake, mitaa michache kutoka pale: anaziba mapancha, ananyoosha ringi. Kazi ya mtu mmoja. Rula akabadilisha njia ya kwenda nyumbani ili asipite mtaa ule, na kila jioni, akiwa kwenye njia hiyo ndefu, alimfikiria shemeji kuliko angepita mbele yake.

Nyumbani kwake palikuwa vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la dawa. Mkewe alikuwa akimtania kwamba mume wake hufika mlangoni mwa kila jambo na kukaa hapo hapo. Shati lake halikufungwa kifungo cha mwisho. Chai yake alibakiza kila mara funda moja kikombeni, huku akilalamika kuwa haina sukari, na mke akimjibu, "Maliza kikombe, utaipata." Mlango aliusukuma usifike kwenye komeo, mke aliyemfuata nyuma ndiye aliyeumalizia kwa mguu. Sasa hapakuwa na mguu. Mlango ulibaki wazi kidogo, upepo ukiutikisa, na kila ulipotikisika Rula aliinua kichwa kuona nani kaja.

Ndipo ikaja kazi ya zahanati.

Msimamizi wa zahanati alileta pleti mbili nene kwenye mkokoteni, akazishusha mwenyewe kwa kuhema. Alitaka mabano mawili ya kubeba tangi la maji juu ya ukuta wa mapokezi. Kona mbili za mraba, zinazofanana.

"Chini ya hilo tangi ndipo wanapokaa akina mama na watoto wachanga kusubiri," alisema. "Likiinama upande sitalala. Na chuma ni hicho tu, fundi. Hakuna kingine."

"Utalala," Rula alimwambia.

Kazi ya maandalizi hakuna aliyemfikia, na hapo tusimnyime haki yake. Alizigeuza pleti juani akatafuta mistari hafifu inayoonyesha chuma kilivutiwa upande gani kiwandani kilipopitishwa kwenye rola, maana ukikunja sambamba na mistari ile kinapasuka, ukikunja kwa kuikata kinavumilia. Akapiga tupa kingo zote zilizokatwa kwa moto mpaka zikawa laini kwa kidole, kwa sababu ufa huanzia kwenye kijino kidogo cha ukingoni. Akachora mstari wa kukunjia, akauhakiki kutoka pande zote mbili. Akakata kigezo kipya na kuziweka pleti zipate joto la asubuhi, kwani chuma baridi ni kikaidi. Alifanya yote hayo bila kusema na mtu. Kulikuwa na raha yake ya huzuni katika kazi isiyohitaji mtu wa pili, na alijua inakwisha pale kwenye presi.

Aliyekubali kushika mpini alikuwa Mama Geti, mwenyekiti wa ushirika, mwanamke wa mageti na madirisha, mwenye mabega ya kazi na asiye na neno la ziada. Akaukamata mpini, akageukia ukuta.

"Nakusikiliza wewe tu, kaka," alisema.

Kisu kikashuka, kikaugusa mstari. Pleti ikalia mara moja, ikaanza kuinama. Rula alichuchumaa mwisho wake, kigezo kikiwa kimeegeshwa, jicho moja limefumbwa. Mwanga kati ya bati na chuma ulikuwa mpana wa kidole, ukawa wa njiti ya kiberiti, ukawa wa uzi.

"Basi."

Mpini ukasimama pale pale. Banda likawa na ukimya ambao Rula hakuuzoea. Palikuwa na pengo mahali ambapo miaka yote palikuwa na mlio mdogo wa jeki. Wakaachia mafuta, kisu kikapanda, chuma kikarudi nyuma kwa tabia yake. Rula akaweka skwea. Mwanga ukapita chini yake bila aibu.

"Umeacha mapema," alisema.

"Umesema basi, nimeacha."

Rula akasema mafuta ya jeki yamepungua. Wakapima mafuta, yamejaa. Akasema chuma cha siku hizi si chuma. Wakairudisha pleti kwenye kitanda, na kila fundi anajua ubaya wa hilo: kisu hakitui tena palepale kilipotua mara ya kwanza, kinaacha alama ya pili pembeni mwa ile, na kona inakuwa na matako. Wakapampu tena. Rula akasema basi tena. Skwea ikaonyesha mwanga tena, mwembamba zaidi, lakini ule ule.

Mama Geti akageuka kutoka ukutani. Akajifuta jasho kwa ukosi wa ovaroli.

"Kaka, nikuulize kitu. Shemeji yako alikuwa anaongeza kiasi gani?"

"Anaongeza nini?"

"Baada ya basi."

"Alikuwa haongezi. Alikuwa anachelewa."

Fundi bati, mwenye meza ya jirani, alikuwa anagonga ndoo. Akaacha kugonga.

"Anachelewa," Mama Geti alisema. "Miaka yote ile anachelewa, kila mara kiasi kinachotakiwa, na kona inakaa? Mtu wa kuchelewa leo anachelewa hivi, kesho vile. Sisi tulijua ni mpango wenu."

"Mpango gani?"

"Si wewe unaiogopa ile ya mwisho, na yeye anakumalizia." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake kuwa shati lake limechanika mgongoni. "Hukujua?"

Rula alimtazama fundi bati. Fundi bati aliitazama ndoo yake.

Basi walijua wote. Wakati ule akimtania shemeji kuhusu mkono wa tumboni, banda lilipocheka, kumbe walikuwa wakicheka utani wa watu wawili wanaoelewana, na mmoja wa hao wawili hakuelewa kitu. Nyani haoni kundule. Lakini nyani angalau hapewi sifa ya kuona. Rula alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alizikumbuka kona kwa kona, zote zile zilizokaa kimya chini ya skwea, na katika kila moja nusu ya mwisho haikuwa yake.

"Leo tuishie hapa," alisema, akavua glovu.

Aliondoka kwenda kumchukua shemeji. Njiani alijipangia maneno, na yalikuwa maneno rahisi, maana alikuwa na sababu mkononi: njoo tukunje pleti ya zahanati, watoto wachanga watakaa chini ya tangi, mimi bila mkono wako siwezi. Hakuna mtu angekataa hilo. Akaingia mtaa ambao hakuupita siku nyingi. Akamwona Polepole toka mbali, amekaa kwenye kibao barazani, baiskeli imepinduliwa mbele yake magurudumu juu, analizungusha gurudumu la mbele na kulitazama linavyoyumba. Alikuwa amekonda. Hakuwa anaongea na mtu, wala hapakuwa na mtu. Alilisimamisha gurudumu kwa kidole, akakaza spoku moja, akalizungusha tena.

Rula alisimama kwenye kona ya ukuta. Aliona kwamba angeweza kufika, kusema habari ya pleti, na shemeji angeinuka na kuja, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Wangekunja, wangeshukuriwa, na lile neno la siku ile lingebaki pale pale lilipoangukia. Angekuwa amemwita shemeji aje ammalizie tena. Aligeuka akarudi alikotoka, na hakujisifu kwa kugeuka, maana woga nao ulikuwemo, tena mwingi.

Asubuhi yake alimwomba Mama Geti ashike mpini. Pleti ya pili, ile ambayo haijaguswa.

"Nisimame ukisema?" aliuliza Mama Geti.

"Simama nikisema. Usiongeze hata punje."

Kisu kikashuka. Mwanga ukawa wa kidole, wa kiberiti, wa uzi, na hapo neno likaja lenyewe ulimini kama lilivyozoea. Rula akaliuma. Mpini ukashuka na kupanda nyuma yake, chuma kikatoa mlio mzito, na mwili wake wote ukamwambia imetosha, unaiua, itapitiliza. Huo ndio woga alioishi nao tangu ujana bila kuujua jina, kwa kuwa kila mara kulikuwa na mtu wa kuubeba upande wa pili. Jasho likamwingia kwenye jicho lile moja. Uzi wa mwanga ukawa unywele. Unywele ukakatika vipande viwili, kimoja kikafa, cha pili kikafa.

"Basi."

Walipoachia mafuta aliiweka skwea. Ikakaa. Akaizungusha upande wa pili, ikakaa. Kisha wakairudisha ile pleti ya jana, nayo akaingoja hivyo hivyo mpaka mwanga ukafa, ikaja sawa na mwenzake, ila na alama mbili za kisu ndani ya kona, mahali ambapo rangi ingeficha na hakuna mtu wa zahanati angewahi kuona. Yeye angejua ipo.

"Leo ni wewe uliyechelewa, kaka," Mama Geti alisema, na fundi bati akacheka.

Rula naye alitaka kucheka. Akageuka upande wa ukutani, kule ambako miaka yote aligeukia akiwa na la kusema, akauona msumari wa kofia. Hakuna mtu aliyeutundikia kitu tangu siku ile. Hapo ndipo alipoona alichofanya. Sababu yake ya kwenda kwa shemeji ilikuwa moja, ile pleti, na ameimaliza kwa mikono yake. Sasa akienda angekwenda mikono mitupu, na neno tupu.

Alikwenda jioni hiyo hiyo.

Polepole alikuwa anaingiza vitu vyake ndani: pampu ya miguu, beseni la kutafutia pancha, kopo la spana. Alipomwona hakuonyesha mshangao. Alisogeza kibao kwa mguu, akaingia ndani, akatoka na chai kikombe kimoja, akampa, yeye akakaa kwenye kizingiti.

"Nasikia una kazi ya zahanati," alisema.

"Nilikuwa nayo. Zimekaa. Zote mbili."

"Nani alipampu?"

"Mama Geti."

"Akaongeza?"

"Hakuongeza. Nilingoja mwenyewe mpaka mwanga ukafa."

Polepole aliokota spoku iliyopinda chini, akajaribu kuinyoosha kwa vidole.

"Sasa huna haja na mimi," alisema.

"Ya mpini sina."

Rula aliishia hapo. Alikijua kituo hicho vizuri. Alikuwa ameshukia hapo maisha yake yote. Mtaani mtu alipita na ndoo. Ingewezekana kabisa kuzungumzia ndoo.

"Nilikukosea, shemeji," alisema. "Lile neno nililosema siku ile, dada yako angelisikia angenifungia nje. Na halikuwa kweli. Sikukuweka kwa ajili yake. Ni wewe uliyekuwa unanishikilia mimi, na mimi nikikucheka mbele za watu. Nimelijua jana tu, na nimelijua wa mwisho. Nisamehe."

Polepole aliendelea na spoku yake. Spoku ilinyooka kidogo, akaipindisha tena bila kujua.

"Kiasi nilikuwa nakijua kwa sauti yako," alisema hatimaye. "Nimegeukia ukuta, nitajuaje kingine? Ukisema basi kwa nguvu, hofu ni ndogo, naongeza robo. Ukisema taratibu, hofu ni kubwa, naongeza nusu. Ni dada aliyeniambia, zamani sana. Alisema, mume wangu anajua kila kitu isipokuwa mwisho, msaidie mwisho. Nikasaidia. Siku ile sauti yako ilikuwa ndogo kuliko siku zote. Nikasema, leo shemeji anaogopa kabisa. Nikakupa pampu nzima."

"Nilikuwa nimekaukwa sauti."

"Nilijua baadaye, njiani. Kumbe hukuwa unaogopa. Ulikuwa umelia tu."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nimelia." Aliitupa spoku kwenye kopo. "Wewe ulifiwa na mke, watu wakakaa na wewe. Mimi nilifiwa na dada, asubuhi nikaja kukushikia mpini. Hukuniuliza hata siku moja, shemeji. Pleti ningesahau. Hilo ndilo lililonikalia."

Ilikuwa kweli tupu. Waliishi kwenye msiba mmoja wakiwa wamepeana migongo, mmoja akitazama kona na mwingine ukuta.

"Pole, shemeji," Rula alisema, na neno hilo dogo, ambalo angepaswa kulisema siku ya kwanza, lilimtoka kwa taabu kuliko yale marefu. "Pole kwa dada."

"Ahsante."

Walikaa. Rula alikunywa chai yake polepole, ikapoa, na alipofika pale anapoachia siku zote aliendelea, akakiinua kikombe mpaka chini kabisa. Sukari yote ilikuwa huko. Nzito, imejikusanya, tamu mpaka inauma meno. Alikishusha kikombe akakitazama ndani, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya shemeji yake, kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa akimwambia amalize kikombe.

Polepole alitazama pembeni mpaka alipotulia.

"Karakana sirudi," alisema kisha, bila ukali. "Usiniombe. Hapa nimeshazoea kazi yangu. Gurudumu nalizungusha mwenyewe, nalitazama mwenyewe."

"Sikuja kukuomba."

"Najua. Ungekuja kuomba ungekuja jana. Nilikuona pale kwenye kona ya ukuta."

Rula aliinuka. Polepole akachukua kofia yake ndani, ile ile, akatoka kumsindikiza. Walipita maduka yanayofungwa, walipita mlango wa fundi viatu, hawakuwa na mengi. Rula alimuuliza kama analala vizuri, akaambiwa hivyo hivyo tu. Polepole akamuuliza anakula wapi, akaambiwa popote. Walifika kwenye ile kona ya ukuta, mahali ambapo mtu yeyote mwenye adabu humgeuza anayemsindikiza asije akachoka.

"Basi, shemeji," Rula alisema. "Rudi."

Polepole aliitika, lakini hakusimama. Alikwenda naye hatua nyingine chache, kupita ukuta, kupita mtaro wa maji, mpaka kwenye nguzo ya umeme, ndipo akatulia.

"Miguu imechelewa," alisema.

Rula hakumtania. Alimshika mkono, akaushikilia mpaka mwenyewe alipoona imetosha, kisha kila mtu akaenda kwake.